Re: Kama ushuru wa treni ni mdogo, Ulaya ililalamikia nini Japani?

Habari mkuu. Umeuliza kwa nini watengenezaji wa treni wa Ulaya waling'ang'ana hivyo kwenye mazungumzo ya mkataba wa biashara kati ya Umoja wa Ulaya na Japani wakati ushuru ni mdogo. Mimi kazi yangu ni makabrasha ya zabuni, kwa hiyo naanza na sura ya mkataba huo inayohusu ununuzi wa umma, yaani serikali na mashirika yake yanaponunua. Japani ilikuwa na kifungu cha usalama wa uendeshaji: zabuni ya reli ikiguswa nacho, mgeni anawekwa kando. Wakati huohuo Hitachi, kampuni ya Kijapani, ilishinda zabuni kubwa ya treni Uingereza, nchi hiyo ikiwa bado ndani ya Umoja wa Ulaya. Hiyo si haki hata kidogo! Mkataba wa biashara ulianza Februari 2019, kifungu kikapewa mwaka mmoja kiondolewe. Baada ya hapo kagua viwango vya kiufundi: breki iliyopimwa Ulaya ikipimwa upya kule, gharama iko palepale.