Kisanduku cha namba ya simu

Mwanangu Zuhura,

Sisi wazima. Mama yako goti linamsumbua kidogo, ila sokoni anakwenda. Swali lako nimelipata: kwa kuwa wewe ndiye utakayemsomesha mdogo wako Idi, je, umwombe neno la siri la akaunti yake ya chuo uwe unaona matokeo?

Nitafika huko. Kwanza nikueleze habari ya maombi yake ya mkopo wa chuo. Juzi nilimkuta steshenari, kijana wa pale anamjazia fomu huku yeye amesimama pembeni kama anayesubiri kunyolewa. Nikasema mpishe kitini. Anayesoma ndiye anayejaza. Namba ya mtihani wa kidato cha nne aiandike mwenyewe, na jina liwe kama lilivyo kwenye cheti hicho, herufi kwa herufi. Unakumbuka cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa Iddi, cha shule Idi. Hiyo d moja yatosha kuukwamisha mkopo. Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa kinarekebishwa kwanza, kisha kinahakikiwa RITA, wale wasajili wa vizazi, na hilo halisubiri dirisha la mkopo lifunguliwe. Ada ya maombi Bodi ya Mikopo ni shilingi 30,000. Fomu ikishachapishwa anasaini yeye, nasaini mimi mdhamini, inapigwa muhuri serikali ya mtaa na kwa wakili au hakimu, ndipo kurasa zilizosainiwa zinaskaniwa na kurudishwa kwenye mfumo. Wengi hukwama hapo: wanalipa, wanachapisha, wanaondoka wakidhani wamemaliza.

Na namba ya simu iwe yake. Sababu unaijua.

Mwaka 2019, kwenye maombi yako ya chuo, niliweka yangu. Ulipochaguliwa vyuo viwili, meseji ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, yenye namba ya kuthibitisha chuo kimoja ilikuja kwenye kitochi changu, saa tatu usiku, wewe umelala. Nikaiandika nyuma ya risiti ya Luku. Wewe ulitaka ualimu wa hisabati Dodoma. Asubuhi nilikwenda steshenari nikathibitisha uhasibu Mzumbe, nawe nikakwambia dirisha likiwa limeshafungwa. Leo mshahara wa uhasibu ndio utakaomlipia Idi, wala usinijibu kwamba na mwalimu analipwa, najua. Hesabu yangu ilitoka sawa. Kukaa kimya siku zile zote ndiko kunakoniwasha hadi leo.

Sasa neno la siri. Utaona nini humo? Vyuo vingi kazi za muhula ni alama 40 na mtihani 60. Ukikuta alama ya jaribio haijaingia, mhadhiri hatakusikiliza wewe; anamsikiliza mwanafunzi aliyebeba karatasi yake iliyosahihishwa. Kozi asiposajili mwanzoni mwa muhula, huwezi kumsajilia ukiwa Mwanza. Boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo, anasaini yeye, na asiposaini kwa wakati fedha zinarudi Bodi. Anayesoma ndiye anayejaza, nimeshasema.

Lakini nami najibishana. Kijana wa miaka 19 anaweza kukuficha sapu mbili, mitihani ya kurudia, akazibeba mpaka anadisko, anaondolewa chuo, nawe bado unatuma hela ya chumba. Nimewaona wazazi wanaosubiri mahafali ya mtoto aliyeacha chuo mwaka wa pili. Kwa hiyo usiseme nimekukataza. Ningekuwa wewe, kila matokeo yanapotoka ningemwambia aje na simu yake, afungue mwenyewe, tuyasome pamoja kabla ya sapu, wakati bado kuna la kufanya. Akikataa mara moja, ningenyamaza. Mara ya pili... hapo sijui, wewe una moyo mwepesi kuliko wangu, amua.

Pale steshenari alipofika kwenye kisanduku cha namba ya simu, Idi aligeuka akaniangalia. Nikatoka nje kununua maji.

Baba yako