Kipimo cha mimba cha nyumbani: uamini kipi?

Mdogo wangu, nimesoma swali lako. Umechelewa siku 4, umenunua vipimo viwili maduka tofauti. Cha buku kimeonyesha mstari wa pili uliofifia, cha bei kubwa kimeonyesha mmoja tu. Unauliza uamini kipi, na ukanunue aina gani. Nimeuza duka la dawa hapa Morogoro kwa miaka mingi na swali hili naletewa sana, mara nyingi kwa sauti ya chini huku mtu anaangalia mlangoni, kwa hiyo naomba nijibu kwa kirefu.

Bei isikusumbue. Kijiti chembamba cha kuchovya, kile cha plastiki cha kudondoshea matone na kile kirefu cha kukojolea vyote vinatafuta homoni moja, hCG, ambayo huanza kutengenezwa mimba ikishajishikiza kwenye mji wa mimba. Pesa ya ziada mara nyingi unalipia plastiki. Mimi nasoma namba iliyoandikwa kwenye paketi. Nyingi zimeandikwa 25 mIU/ml, nyingine 10, na namba ikiwa ndogo ndivyo kipimo kinavyonasa homoni kidogo zaidi. Ukishapitisha tarehe zako, 25 inatosha kabisa.

Kinachoharibu kipimo ni joto na unyevu. Paketi nyingi zinataka kitunzwe kati ya nyuzi 2 na 30, na wewe mwenyewe unajua joto la Januari. Kilichoning'inizwa dirishani kinapigwa jua mchana kutwa usikinunue hata upunguziwe bei. Angalia tarehe ya kuisha muda, kisha ibonyeze paketi taratibu kwa vidole. Hewa ikitoka, imetoboka, irudishe hapo hapo. Ndani utakuta kifuko kidogo cha kunyonya unyevu, na hiyo ndiyo sababu paketi haifunguliwi mpaka mkojo uko tayari kwenye kikopo kisafi. Ukichovya, usivuke ule mstari wenye alama ya mshale.

Sasa majibu yako mawili. Wiki za mwanzo homoni hii huongezeka karibu maradufu kila baada ya siku 2 hadi 3. Ukipima jioni, umekunywa maji mengi, mkojo umekuwa mwepesi, kipimo kizima kabisa kinaweza kusema hakuna wakati ipo. Ndiyo maana tunasisitiza mkojo wa kwanza wa asubuhi. Kwa hiyo vipimo vikipingana namna hii, wasiwasi wangu huwa zaidi kwa kile kilichosema hakuna.

Mstari kufifia si tatizo, mradi una rangi na umetokea ndani ya muda ulioandikwa kwenye maelezo, kwa kawaida dakika 5. Huo unahesabika. Ule wa kijivu usio na rangi, uliojichora baada ya dakika 10 au uliouona ulipokiokota kipimo kwenye ndoo ya taka, ni alama ya mkojo uliokauka, achana nao. Na mstari wa C, ule unaoonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi, usipotokea kabisa, kipimo hicho kimekufa, chukua kingine.

Ushauri wangu: nunua viwili vya bei rahisi kwenye duka lenye kivuli na wateja wengi. Pima keshokutwa asubuhi, cha pili siku mbili baadaye. Kama mzunguko wako haueleweki, au unatumia sindano ya uzazi wa mpango na hedhi imekatika, hesabu siku 21 tangu tendo la mwisho bila kinga ndipo upime. Antibiotiki na Panadol havibadilishi majibu. Sindano za hCG wanazopewa wanaotafuta mtoto zinabadilisha, na mimba iliyotoka karibuni inaweza kuacha homoni mwilini kwa wiki kadhaa. Mambo ya sukari, chumvi na dawa ya meno kwenye mkojo hayapimi chochote, na yananiumiza kwa sababu yanachelewesha watu kliniki.

Kipimo kitakwambia ipo. Hakiwezi kukwambia iko wapi. Aliwahi kuja mteja kununua kipimo cha pili ili kuhakikisha, cha kwanza kilishatoa mistari miwili. Alikuwa ameinama, mkono umebana tumbo chini upande mmoja, jasho usoni. Sikumuuzia. Nilimwita bajaji na kumpeleka hospitali, na usiku ule ule alifanyiwa upasuaji, mimba ilikuwa imetunga kwenye mrija, nje ya mji wa mimba. Ukiwa na mistari miwili, hata hafifu, pamoja na maumivu makali ya upande mmoja, damu, kizunguzungu au maumivu kwenye ncha ya bega, usisubiri asubuhi wala kipimo kingine. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, na ukifika mapokezi waambie umepima na una mimba.