Barua ya ustawi ninayo, je mtoto ni wangu?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 38, naishi Mbagala na mume wangu, hatukujaliwa mtoto. Mwaka juzi tulipewa mtoto wa miezi nane kutoka kituo kimoja cha watoto, ustawi wa jamii wakatuandikia barua tumlee. Sasa anakaribia miaka mitatu, anatuita mama na baba. Juzi nimeenda kumwandikisha chekechea wakataka cheti cha kuzaliwa chenye majina yetu. Afisa ananiambia subiri tu, na kuna mtu pale pale kaninong'oneza nikitoa laki tatu Kamishna atasaini kila kitu kiishe bila mahakama. Wifi yangu naye ananitisha kwamba siku yoyote wanakuja kumchukua. Hawa ustawi wana mamlaka gani hasa? – Mama J.

JIBU: Pole sana Mama J, na hongera kwa malezi. Kwanza hiyo laki tatu usitoe, hata senti. Hakuna saini ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii inayomfanya mtoto awe wako, huo uwezo hana na hajawahi kuwa nao, kwa hiyo huyo mtu anakuuzia kitu ambacho hakipo. Tena sheria inakataza pesa kupita mkono kwa mkono kwa ajili ya kumpata mtoto, ukikubali unaweza ukajiharibia maombi yako mwenyewe.

Sasa twende kwenye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, maana hapo ndipo watu wengi wanachanganya mambo mawili. Barua uliyonayo, kwa jinsi ulivyoieleza, ni ya malezi ya kambo. Yaani Kamishna kakuamini umlee mtoto huku ofisi yake ikiendelea kumwangalia, na kwa hatua hiyo mamlaka anayo kwelikweli: ndiye anayetoa leseni kwa makao ya watoto na kuyakagua, mwenye kituo hawezi kumgawa mtoto kwa anayempenda, na maafisa wake wanaweza kuja kwako kuangalia mtoto analala wapi, anakula nini, ana chandarua au hana, wakamuuliza na jirani. Wakikuta mtoto anateswa wanaweza kumhamisha. Kwa hiyo wifi yako hajasema uongo wote, ila na yeye kazidisha, hawamchukui mtoto kwa sababu tu mtu kaamka vibaya.

Kuasili, yaani mtoto wa mwingine kuwa wako kisheria, ni kitu kingine. Hapo anayetoa ni mahakama, na kwa mtoto asiye ndugu yako kama huyu, maombi yanaenda Mahakama Kuu. Kazi ya ustawi ni kuchunguza na kumweleza jaji ukweli, mmeishije na mtoto, ndoa ikoje, kipato kikoje, wazazi wa kumzaa wametafutwa au wamekubali. Ile ripoti ina uzito mkubwa mno, nawaambia watu kila siku msimchukulie afisa kama adui, mpe ushirikiano, mwonyeshe kadi ya kliniki, mwonyeshe hata nguo za mtoto. Lakini ripoti ni ushauri, uamuzi ni wa jaji. Anaweza kukupa amri ya kuasili, kukataa, au kukupa amri ya muda kwanza.

Umri wako hauna tatizo, sheria inataka mwombaji awe zaidi ya miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi, wewe umepita kote. Mume wako awe nawe kwenye maombi.

Hilo la "subiri tu" ndilo linaloniuma. Mtoto haasiliwi kwa kukaa, unaweza ukasubiri mpaka aende sekondari na bado kisheria akawa yuko kwenye malezi ya kambo tu. Andika barua kwa afisa ustawi wa halmashauri yako kwamba mnataka kumwasili, nakala iende kwa Kamishna, na hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa, hiyo itunze kama roho yako. Wakili kama huna uwezo nenda TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, wanasaidia akina mama bure. Jaji akishatoa amri, Msajili kule RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, anamwingiza kwenye rejista ya watoto walioasiliwa, na hapo ndipo cheti chenye majina yenu kinapotoka. Kuanzia siku ya amri ni mtoto wenu kama mliyemzaa, na akitaka mtu kumwondoa awe na sababu ile ile ambayo ingemwondoa mtoto kwa mama aliyemzaa.

Chekechea waonyeshe ile barua ya malezi kwa sasa, na muombe afisa awapigie.

SWALI: Mabosi wangu ni Wajerumani, wapo Moshi mwaka wa pili, wanataka kumwasili mtoto wa marehemu dada yangu. Inawezekana? – Anko D.

JIBU: Bado, Anko. Mgeni lazima awe ameishi Tanzania miaka 3 mfululizo, amlee mtoto angalau miezi 3 chini ya uangalizi wa afisa ustawi, asiwe na rekodi ya uhalifu, alete mapendekezo ya ustawi wa kwao, na mahakama iridhike kwamba nchi yake itaitambua amri. Muda uliobaki utumieni kukaa kama ukoo, maana afisa akija swali lake la kwanza litakuwa kwako wewe mjomba: kwa nini asibaki kwenu?