Ablesheni ya moyo: pajani au chini ya kifua? Jibu kwa mkuu wa Mafinga

Mkuu pole sana kwa hali ya mzee. Umesema daktari mmoja kataka kumfanyia ablesheni (yaani kuunguza kwa mrija mwembamba sehemu ya moyo inayovuruga mapigo) kupitia pajani, mwingine kasema huenda wakatoboa chini ya kifua, na unauliza ipi salama mchague hiyo. Mi nipo Mbeya, nilifanyiwa ablesheni India sababu ya mapigo ya ziada ya chumba cha chini cha moyo, na nilichoelewa ni hiki, njia haichaguliwi kwa uoga wala bei, inategemea hitilafu ya umeme iko wapi.

Ikiwa chumba cha kulia, wanapita vena ya pajani (mshipa unaorudisha damu moyoni) wanafika moja kwa moja. Kushoto kuna njia mbili, wapite ateri ya pajani (mshipa unaoleta damu kutoka moyoni) wapande hadi kwenye aota, ateri kuu inayotoka moyoni, washuke kupitia vali yake, au wapite vena halafu watoboe ule ukuta mwembamba kati ya vyumba vya juu. Mwenye vali ya chuma kwenye aota hawampitishi hapo, huyo wanatoboa ukuta. Mimi walianza kulia, wakaunguza, mapigo yakatulia kidogo yakarudi, ndo wakahamia kwenye ateri wakakuta chanzo kiko palepale juu ya vali ya aota. Kwahiyo njia inaweza kubadilika mgonjwa akiwa mezani na wala daktari hajakosea.

Sasa hiyo ya chini ya kifua. Sindano inaingia chini ya chembe ya moyo mpaka ndani ya mfuko unaozunguka moyo, Wabrazil ndo walioielezea mwaka 1996 kwa wagonjwa wa Chagas, ugonjwa wa vimelea wa Amerika ya Kusini unaoharibu moyo, maana kwa hao kovu mara nyingi linakuwa upande wa nje wa moyo. Wanaifikiria kovu likiwa nje, au walishaunguza ndani ikashindikana. Hatari yake damu inaweza kujaa kwenye huo mfuko, halafu mishipa inayolisha moyo inapita hapohapo nje, lazima wapige picha waione kabla ya kuunguza. Mzee kama aliwahi kupasuliwa moyo semeni mapema kabisa, mfuko unakuwa umegandamana na sindano haipiti kirahisi.

Ila naomba sana mkuu, kabla ya kubishania njia tafuteni ECG ya lidi 12 (kipimo cha umeme wa moyo kinachouangalia kutoka pande 12) iliyopigwa WAKATI moyo unaenda vibaya. Hiyo ndo inamwonyesha daktari umeme unaanzia upande gani, ya moyo uliotulia haimpi hilo. Yangu ilinaswa kwenye kliniki ya kawaida tu hapa Mbeya, nesi akaniprintia nikaipiga na picha kwenye simu, na India ndo karatasi ya kwanza waliyoitaka. Ongezeni eko (ultrasound ya moyo), na MRI ya moyo ikipatikana, inaonyesha kovu liko ndani au nje. Inawezekana hao madaktari wawili wameangalia vipimo tofauti, wapeni wote faili lilelile muone kama watatofautiana tena.

Dawa asiache mwenyewe, wakitaka zisimame kabla ya ablesheni watasema wao. Na akizimia au mapigo yakikimbia bila kutulia msisubiri tarehe ya kliniki, mkimbizeni hospitali ya karibu usiku huohuo.

Mzee alishawahi kupata shambulio la moyo? Hilo hujasema na lina uzito, kovu la shambulio kwa kawaida linaanzia upande wa ndani, hapo pajani ndo huwa pa kuanzia.