Maswali ya Wasomaji: Nani Ana Haki ya Kuona Hesabu za Kanisa?

Barua tulizopokea kuhusu pesa za kanisa zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, na karibu zote zinatoka kwa washirika wa makanisa yasiyo chini ya misheni wala dayosisi yoyote ya zamani. Tumechagua nne.

*Mhariri, pokea salamu kutoka Mbale, kaunti ya Vihiga. Mimi ni mshirika wa kanisa moja la kiroho lililoanzishwa hapa kwetu, nami nimo humo tangu nilipoolewa. Kwa miaka kadhaa tumechanga pesa za ujenzi, kila mama na kiwango chake, lakini kuta bado ziko usawa wa madirisha na hatujasomewa hesabu hata siku moja. Nilipouliza katika kikao cha akina mama, niliambiwa kwamba masihi wa Bwana haguswi, na wiki iliyofuata nikaondolewa katika uongozi wa kwaya. Je, nilikosa adabu? — Mama wa kwaya, Mbale*

Mama yetu, hukukosa adabu. Uliuliza habari za mchango ambao na wewe umo ndani yake, tena ukauliza kikaoni mbele ya wenzako, si pembeni kwa minong'ono.

Maneno uliyojibiwa yamo katika Zaburi ya 105. Hapo yanawahusu wazee wa imani walipokuwa wachache, wageni wakitangatanga kutoka taifa hadi taifa, na Mungu akawaonya wafalme wasiwadhuru. Kumwomba kiongozi asome daftari la hesabu si kumdhuru. Kama viongozi wako wanapenda kujibu kwa Maandiko, waombe kwa upole wafungue kitabu cha pili cha Wafalme, mlango wa 12, kwa sababu kisa kilichoandikwa pale kinakaribiana sana na chenu. Mfalme Yoashi aliagiza kwamba pesa za watu zitengeneze nyumba ya Bwana, lakini hata mwaka wa 23 wa utawala wake makuhani walikuwa wamezipokea na mabomoko yakabaki vilevile. Mfalme hakunyamaza kwa kuwaheshimu. Aliwaita akawauliza sababu. Ndipo kuhani Yehoyada alipotwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake na kuliweka karibu na madhabahu, na kila lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu pamoja kabla ya pesa kutolewa kwa mafundi.

Wapo wachungaji watakaokuonyesha mstari wa 15 wa mlango huohuo, unaosema kwamba wasimamizi wa kazi hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walikuwa waaminifu. Ni kweli umeandikwa hivyo. Lakini waliopata heshima hiyo ni watu waliowalipa mafundi, nao waliipata baada ya pesa kuhesabiwa na watu wawili wa ofisi mbili tofauti, na makuhani walioshindwa na ujenzi walikuwa wamekwisha kuondolewa katika kazi ya kuzishika. Haifai kusoma mstari huo na kuiruka ile iliyoutangulia.

Tukija kwenye sheria za nchi, makanisa mengi ya Kenya yamesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, ambayo inakitaka kila chama kilichosajiliwa kiwe na katiba, kiweke vitabu vya hesabu, kifanye mkutano mkuu angalau mara moja kwa mwaka na kupeleka taarifa ya mwaka kwa Msajili wa Vyama. Vitabu hivyo havikuwekwa kwa ajili ya viongozi peke yao. Katiba nyingi za vyama zina kifungu kinachomruhusu mwanachama yeyote kuvikagua baada ya kutoa notisi ya maandishi, mara nyingi ya siku saba. Uhuru wa kuabudu unaolindwa na kifungu cha 32 cha Katiba ya mwaka 2010 unaizuia Serikali kuwaamulia mafundisho yenu, lakini kusoma hesabu za saruji na mabati si jambo la mafundisho.

Kwa hiyo anza na katiba ya kanisa lenu, na uitafute nakala yake kabla ya hatua nyingine yoyote, kwa sababu utashangaa ni washirika wangapi, na hata wazee wangapi wa kanisa, hawajapata kuiona. Fahamu pia kwamba matawi mengi ya vijijini hayana usajili wao wenyewe, bali hutumia cheti cha makao makuu, na katika hali hiyo ni makao makuu yanayowajibika mbele ya Msajili. Ukishajua kifungu kinachohusika, usiende peke yako. Tafuteni washirika wawili au watatu wanaoheshimika, wanaume kwa wanawake, muandike barua fupi isiyo na tuhuma hata moja, mkiomba mambo yanayotajika: jumla ya michango ya ujenzi tangu ianze, taarifa ya benki, risiti za vifaa, na kumbukumbu za vikao vilivyoidhinisha matumizi. Mtakayempa barua aweke sahihi kwenye nakala mtakayobaki nayo. Barua ya namna hiyo ni vigumu kuiita uasi, na ni vigumu zaidi kuikana baadaye. Ikipita bila jibu, pandeni ngazi ya jimbo, kisha makao makuu, na mwisho Msajili. Polisi wasubiri mpaka pawe na ushahidi wa wizi, maana daftari lisiloandikwa vizuri ni kosa, lakini si lazima liwe ni wizi.

Niongeze jambo moja linalonigusa. Eneo letu la magharibi mwa Kenya ni chimbuko la makanisa ya kujitegemea. Nomiya ya Johana Owalo ilianzia Nyanza kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. African Israel Church Nineveh ya Zakayo Kivuli ikaanzia huko kwenu Vihiga mwaka 1942. Legio Maria ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Waliojitenga walitaka kusikilizwa katika nyumba ya Mungu, wasiamuliwe kila jambo na wageni. Kujitenga huko kuliondoa pia lile jicho la nje, yaani mkaguzi aliyekuwa akitumwa na misheni au dayosisi kupekua vitabu vya kila parokia. Katika kanisa la kujitegemea, jicho lililobaki ni la washirika wenyewe, na likifumbwa hakuna jingine. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosubiri Serikali ilete sheria mpya. Kanuni zilizopendekezwa kwa ajili ya mashirika ya kidini ziliondolewa Januari 2016 baada ya viongozi wa dini kuzipinga, na baada ya maafa ya Shakahola mwaka 2023, ambako waumini wengi walikufa kwa kufunga kula, Rais William Ruto aliunda jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi kuchunguza jambo hilohilo upya. Mjadala huo ni muhimu, lakini haki unayoidai wewe, mama, imo tayari katika sheria iliyopo.

*Nimechaguliwa mweka hazina wa kanisa letu hapa Nyalenda, Kisumu. Sadaka nyingi siku hizi hutumwa kwa M-Pesa, na nambari inayotangazwa ni ya simu ya askofu mwenyewe. Kila Jumatatu hunitajia kiasi kilichoingia, nami huandika. Namheshimu kama baba yangu, ila moyo wangu hautulii. Nianzie wapi? — Mweka hazina, Kisumu*

Moyo wako una sababu, kwa kuwa unachokiandika ni ulichoambiwa, wala si ulichokiona, na siku hesabu zitakapokataa, sahihi iliyo kitabuni itakuwa yako.

Tuchukulie kwamba Baba Askofu ni mwaminifu kabisa. Hata hivyo mpango huu unaweza kumwumiza. Pesa zilizo katika laini ya mtu zinahesabiwa kuwa zake. Akifariki, ambalo ni jambo la kila binadamu, zinaingia katika mirathi, na kanisa litalazimika kuzidai kwa familia iliyo katika msiba. Mamlaka ya Mapato, KRA, inaweza kumwuliza kwa nini mapato yake ni makubwa namna hiyo. Tena kama laini hiyo ina deni la Fuliza, yaani ule mkopo wa M-Pesa, sadaka ya mjane ikiingia hukatwa papo hapo kulipa deni, bila askofu kugusa kitufe chochote.

Dawa yake ni kanisa kuwa na nambari yake ya Paybill, yaani ya kupokea malipo ya M-Pesa, iliyounganishwa na akaunti ya benki ya kanisa. Mtahitaji cheti cha usajili, nambari ya PIN ya kanisa (ile ya kodi), na kumbukumbu za kikao kilichowateua wenye kuweka sahihi, ambao ni vyema wawe watatu na wasitoke nyumba moja. Faida yake ni kwamba mtoaji anaweza kuandika kwenye sehemu ya akaunti kama pesa zake ni za fungu la kumi, ujenzi au mazishi, na taarifa inatoka ikiwa imepangwa hivyo.

Namna ya kumfikia askofu ina uzito wake. Nenda nyumbani kwake pamoja na mzee mmoja anayemwamini, wala usilianzishe jambo hili mbele ya kamati nzima. Mkumbushe Paulo katika 2 Wakorintho mlango wa 8: alipopewa mchango wa kupeleka Yerusalemu hakutaka kuusimamia peke yake, bali alifuatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili mtu asipate la kumlaumu. Mpaka Paybill itakapopatikana, mwombe akuonyeshe taarifa kamili ya laini kila wiki, wewe na shahidi mmoja, muinakili kitabuni.

Fedha taslimu nazo zihesabiwe na watu wasiopungua wawili, palepale baada ya ibada, waweke sahihi kabla ya yeyote kuondoka, kisha ziende benki zote jinsi zilivyo. Hapa ndipo makanisa mengi yanapovujia. Mgeni akihitaji nauli, au mpiga kinanda akidai chake, mkono unaingia kapuni kabla ya hesabu, na kiasi hicho hakionekani tena mahali popote, si katika mapato wala katika matumizi. Matumizi madogo yatengewe kisanduku chake chenye kitabu chake. Katika chama cha akina mama hapo Kisumu hakuna mwanachama atakayekubali mwekaji pesa achomoe ya nauli kabla ya kuhesabu, na sioni kwa nini kanisani tuwe walegevu zaidi.

*Mimi ni mchungaji hapa Nakuru, mtaa wa Kaptembwo. Kanisa nililianza sebuleni kwangu, nikauza ng'ombe na kipande cha shamba ili kununua ploti, na hati iko kwa jina langu. Sasa washirika waliokuja juzi wanataka kujua mshahara wangu na kutaka hati ibadilishwe. Je, nilichojenga si changu? — Mchungaji, Nakuru*

Mchungaji, mtu aliyeuza ng'ombe wake kwa ajili ya kazi ya Mungu anastahili shukrani, na washirika wako wangefanya vyema kuanza nayo. Hata hivyo inakubidi uamue ploti hiyo ni nini. Kama ni mali yako na kanisa ni mpangaji, andikeni mkataba wa kupanga, na usichangishe tena kwa jina la “ploti yetu”. Kama uliikopesha kanisa, deni liandikwe katika kumbukumbu za kikao na ulipwe mpaka liishe. Kama ulitoa sadaka, basi ulishatoa. Lakini ikiwa hata sehemu ya bei, ukuta au choo ilitokana na michango, waliochanga wana sauti, wa zamani na wa juzi, na njia iliyo safi ni hati kuandikwa kwa jina la wadhamini wa kanisa, ambao wanaweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Wadhamini, Sura ya 164, ili mali isitikisike kwa kifo au ugomvi wa mtu mmoja. Kile ulichotumia kutoka mfukoni mwako kinaweza kukubaliwa kwa maandishi siku hiyohiyo.

Mshahara si aibu. Uamuliwe na kamati wewe ukiwa nje ya chumba, uandikwe katika bajeti, na ukatwe kodi ya mshahara kama wa mwajiriwa mwingine. Msamaha wa kodi kwa kazi ya dini ni wa taasisi wala haumgusi anayelipwa nayo, na hata taasisi haiupati mpaka iuombe KRA na kupewa cheti. Na kama mama mchungaji ndiye mweka hazina, mpeni wajibu mwingine, hata kama mkono wake ni safi kuliko wa kila mtu kanisani.

*Mwanasiasa alikuja kwenye harambee yetu na bahasha, ikatangazwa madhabahuni, lakini kiasi kilichofika kwa kamati ni pungufu ya kilichotangazwa. Tufanyeje? — Kijana, Webuye*

Kijana, kwanza msimtuhumu mtu. Ahadi hutangazwa pamoja na pesa taslimu, na tofauti inaweza kuwa ni ahadi isiyotimizwa bado. Mwandikieni mgeni barua ya shukrani yenye kutaja kiasi mlichopokea. Kama alitoa zaidi, atasema mwenyewe.

Kwa siku zijazo, kamati iamue mapema, kwa maandishi, kama inapokea pesa za wanasiasa, maana uamuzi wa kukataa nao upo. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi alikataa mchango ambao Rais Ruto alikuwa ameutoa katika kanisa la Soweto jijini humo, ijapokuwa ulikuwa umetangazwa hadharani. Nanyi mkiamua kupokea, bahasha ifunguliwe na kuhesabiwa mbele ya aliyeileta, mweka hazina amwandikie risiti hapo hapo, na nakala ibaki katika kitabu cha kanisa pamoja na risiti za wakulima waliotoa magunia yao ya mahindi.