Jibu: TV-B-Gone kuvuruga helikopta ya rimoti

Mkuu, umeuliza kama seti ya TV-B-Gone uliyoiunganisha (kidude cha kuzima TV za watu kwa infraredi, mwanga usioonekana) inaweza kubadilishwa ivuruge helikopta ya mdogo wako badala ya kuzima TV tu. Inawezekana, tena bila kuchomelea kitu kipya. Kazi yote iko kwenye programu ya ATtiny85, chipu inayoendesha seti hiyo, na bodi ya Arduino Uno inatosha kuiandikia upya.

Helikopta kama Syma S107 husikiliza mwanga wa infraredi unaowaka na kuzima mara 38,000 kwa sekunde (38 kHz). TV nyingi nazo zinatumia masafa hayo hayo, kwa hiyo seti yako tayari inayajua. Toa orodha ya misimbo ya kuzima TV, weka kitanzi (amri inayojirudia) cha kurusha mapigo mafupi ya 38 kHz. Wengi wanakwama hapa: wanarusha mfululizo bila kukata. Kipokezi cha helikopta kina saketi ya kupunguza usikivu, mwanga usiokatika kinauchukulia kama kelele ya taa na kuupuuza. Washa kama nusu milisekunde, zima kidogo, badilisha urefu kila mara. Hapo biti (vipande vya ujumbe) za rimoti zinachanganyika na helikopta haielewi inaambiwa nini.

Kabla ya kulaumu programu, elekeza taa za LED za seti kwenye kamera ya mbele ya simu. Ukiona vinukta vya zambarau, zinawaka. Jaribu ndani, maana juani mwanga wa seti haufiki mbali.

Kama toi lake linaendeshwa kwa redio badala ya infraredi, sahau. Na mwambie mdogo wako airushe kimo kifupi, juu ya godoro. Ikikosa mawimbi inadondoka, na mapanga yake ni ya plastiki nyepesi.