Nitibiwe peke yangu au kwenye kikundi?

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 24, naishi Leicester, kwetu Tanga. Mwaka wa tatu sasa nakula usiku kwa kujificha, mkate mzima na wali uliobaki, halafu naenda chooni najitapisha. Daktari kasema ni bulimia, nianze tiba ya mazungumzo. Shoga yangu anasema niombe ya kikundi, yeye ilimsaidia sana, ila mi naona aibu kuongea mbele za watu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umefanya vizuri mno kwenda kwa daktari, maana kwetu hili tunaliita ugonjwa wa wazungu, na mtu anaumia peke yake chooni kafungulia bomba wasimsikie.

Muulize shoga yako yeye aliumwa nini hasa. Kama alikuwa anafakamia chakula bila kutapika, kikundi lazima kilimfaa, hata mwongozo wa 2017 wa NICE, taasisi inayoandika miongozo ya tiba huko Uingereza, unasema hao waanze na kitabu cha kujisaidia wakisimamiwa, kisiposaidia ndo waingie kikundi, vikao 16 vya dakika 90, kimoja kila wiki. Kwa bulimia sivyo, kitabu kikishindikana unakaa na mtaalamu wewe na yeye tu, mpaka vikao 20, mwanzoni hata mara mbili kwa wiki. Unaandika ulichokula, saa ngapi, ulikuwa unawaza nini, mnatafuta kinachokusukuma, na mara nyingi ni njaa! Mtu kaambiwa harusini "mbona umenenepa hivyo", anashinda bila kula, usiku mwili unadai chake.

Kwa hiyo mi nakwambia anza peke yako. Kikundi sikikatai, kumsikia mwenzio anasema lile lile unalolificha kunapunguza aibu kuliko maneno yangu yote haya, ila kiwe na mtaalamu anayekiongoza na kusiwe na kutajana kilo wala saizi za nguo. Vile vya WhatsApp visivyo na mwenyewe viogope, watu huko wanashindana kukonda na kufundishana kuficha.

Ukitapika usipige mswaki hapo hapo, sukutua na maji tu, ile asidi inalainisha meno. Na mwombe daktari akupime damu aangalie potasiamu, kutapika kunaishusha na ikishuka moyo unapiga vibaya. Ukisikia moyo unaenda mbio ovyo au ukizimia usisubiri siku ya kikao, nenda emajensi siku hiyo hiyo.